Kina cha fokasi: neno la kwanza kati ya mwongozaji na mpigapicha

Mwongozaji anayetengeneza filamu yake ya kwanza hukaa na mpigapicha mkuu, akamwambia, "Kaka, nyuma pawe na ukungu, kama sinema." Mpigapicha huitikia, hufungua tundu la lenzi mpaka mwisho, na kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu hupendeza. Balaa huja wakati wa kuhariri: mhusika wa pili, aliyekaa nusu hatua tu nyuma ya mwenzake, hana macho wala mdomo.

Kilichoamuliwa pale bila kutajwa jina ni kina cha fokasi, yaani eneo la mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa ambamo picha bado huonekana wazi. Ukitafsiri jina lake la Kiingereza, *depth of field*, neno kwa neno utapata "kina cha uwanja", na msomaji atawaza mpira. "Kina cha ukali" kingefaa, ila mtaani "picha kali" ni filamu tamu, hata kama imepigwa ovyo. Nashikilia "kina cha fokasi" kwa kuwa neno fokasi limo midomoni mwa kila anayeshika kamera, wa harusini hadi wa runinga, na kina kwetu huwa kifupi au kirefu, kama cha maji. Mafundi wa lenzi watanung'unika kwamba kuna kipimo kingine cha jina linalokaribiana na hilo, nyuma ya lenzi, ndani ya kamera. Kweli kipo, lakini seti nzima hakuna atakayekiulizia.

Chukua kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50, na mwigizaji aliye mita 2 mbele yake. Tundu likiwa f/1.8, kina ni kama sentimita 17: akiinama kuchukua kikombe, ameshatoka kwenye fokasi. Likibanwa hadi f/8, kina hufika kama sentimita 80. Ukibaki na f/8 hiyo hiyo ukaweka lenzi ya milimita 24, kila kitu kuanzia mita 1.1 hadi karibu mita 12 kitaonekana wazi, ingawa mwigizaji atakuwa mdogo zaidi kwenye fremu. Hata hivyo kina kirefu si cha bure. Kutoka f/1.8 hadi f/8, mwanga unaoingia hupungua karibu mara 20, na pengo hilo lazima lizibwe, kwa taa na jenereta, kwa kungoja jua, au kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na kukubali chengachenga. Hapo ndipo ombi la mwongozaji linapogeuka kuwa bajeti.

Lakini ombi zuri halihitaji namba hizo. Orson Welles alikuwa na miaka 25 alipoanza kupiga filamu yake *Citizen Kane* mwaka 1940, na hakuwa amewahi kuongoza filamu ndefu ya Hollywood. Gregg Toland, mpigapicha aliyekwisha kupata Oscar, alimfuata mwenyewe akitaka kufanya naye kazi. Baadaye Welles alisimulia kwamba mwanzoni alikuwa akipanga taa mwenyewe, kama alivyozoea kwenye tamthilia, huku Toland akimrekebishia kimyakimya. Alichokuwa nacho Welles ni jukwaa kichwani: alijua nani asimame wapi na nani aonekane. Tazama pale mama anapotia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa benki. Mama yuko karibu nasi mezani, baba anabishana katikati, na mbali, dirishani, mtoto anacheza kwenye theluji bila habari. Wote wanaonekana wazi. Nyuma pangekuwa na ukungu, tungesikiliza mkataba tu, na mtoto anayeuzwa asingekuwapo. Majina ya watengenezaji yalipoonyeshwa, la Toland liliwekwa kwenye skrini moja na la Welles, heshima ambayo wapigapicha wengi hawajaipata hadi leo.

Kwa hiyo mwongozaji mchanga halazimiki kufika kikaoni na namba za lenzi. Wengine hufika nazo, wamezichuma kwenye video za mafunzo, na kikao huwa mashindano ya vifaa. Sema hivi: "Dada, mtazamaji amwone mama na mtoto kwa pamoja, asichague." Au: "Hapa dunia yote ya huyu bwana imebaki uso wa mkewe." Sentensi ya kwanza inaomba kina kirefu, ya pili inaomba kifupi, na mpigapicha anayejua kazi atakujibu kwa lenzi, mwanga na gharama. Akikwambia chumba ni kidogo au taa hazitoshi, muulize ni nini kinachoweza kusogezwa: kamera, meza, au saa ya kupiga. Mara nyingi meza inatosha.

Kabla ya kikao chenu, pitia skripti na andika pembeni mwa kila onyesho ni nani lazima aonekane wazi. Mpe mpigapicha nakala hiyo mapema, kabla hajakodi lenzi.