Kuwafundisha Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kupima Habari

Watu wengi hudhani kwamba kijana akiisha kufunguliwa mlango wa maktaba ya chuo kikuu, vitabu vitamfundisha vyenyewe. Sivyo, na walimu wa Marekani walilitambua jambo hilo zamani kidogo.

Katika mji wa Richmond, jimbo la Indiana, kiko chuo cha Earlham, kilichoanzishwa na Wakristo waitwao Marafiki mwaka 1847. Mwaka 1962 Evan Farber alifika huko kuwa mkuu wa maktaba. Desturi ya vyuo vingi siku zile ilikuwa kuwatembeza wanafunzi wageni katika maktaba mara moja, kuwaonyesha rafu, basi. Haukupita muda wakasahau, maana hawakuwa na haja nayo bado. Farber na wenzake wakapatana na walimu kwamba mwanafunzi afundishwe kutafuta habari wakati ule apewapo kazi ya kuandika, na mtunza maktaba aingie darasani pamoja na mwalimu. Mwenye kiu ndiye aulizaye njia ya kisima.

Mwaka 1974 Paul Zurkowski akaupa ustadi huo jina, kama tuseme "kujua kusoma habari", ingawa yeye aliwafikiria hasa wafanyakazi.

Kisha ikaja intaneti. Maktaba ina mtu achaguaye vitabu. Humo kila mtu huandika atakalo. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jaribio la watu 45: mabingwa wa historia 10, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya mabingwa, walidanganywa na nembo nzuri na jina la heshima. Waliusoma ukurasa toka juu hata chini, kwa bidii, kana kwamba bidii yatosha. Wahakiki hawakukaa. Waliutazama kidogo, wakatoka, wakaenda kuuliza penginepo: Hawa ni nani? Nani awalipa? Nao wakaipata kweli upesi.

Habari hii ilitutia haya, kwani sisi walimu twamsifu mtoto asomaye neno kwa neno asiinue macho. Lakini wazee wetu hawampi mgeni binti yao kwa sababu ya kanzu safi; hutuma mtu kwanza kwao, akaulize kwa majirani.

Hata mwaka 2019 McGrew na wenzake waliandika kwamba wanafunzi wa chuo kikuu waliofundishwa njia hiyo ya wahakiki kwa masomo mawili tu, kila somo dakika 75, waliendelea kuliko wenzao wasiofundishwa.