Filamu za mashabiki: Mashujaa wa vibonzo wanapoazimwa bila idhini

MNAMO Julai 2003, katika maonyesho ya vibonzo yanayofanyika kila mwaka jijini San Diego, Marekani, umati wa mashabiki ulionyeshwa filamu ya takriban dakika nane iliyowaacha wengi vinywa wazi. Batman alikuwa akimwandama hasimu wake, Joker, katika uchochoro wenye kiza na mvua. Ghafla wakajitokeza viumbe wa kutisha ambao watazamaji waliwajua kutoka filamu nyingine kabisa: Alien na Predator.

Hakuna studio iliyogharimia kazi hiyo. Batman: Dead End iliongozwa na Sandy Collora, fundi aliyezoea kubuni viumbe wa sinema, kwa bajeti ya dola 30,000 hivi. Batman ni mali ya DC Comics, kampuni iliyo chini ya Warner Bros, ilhali Alien na Predator walimilikiwa wakati huo na Twentieth Century Fox. Collora aliwachukua wote watatu bila ya kupewa ruhusa.

Filamu ya shabiki ni kazi kama hiyo: hadithi mpya inayoigizwa na wapenzi wa mhusika fulani, wasio na haki juu yake, na ambao kwa kawaida hawaiuzi. Aghalabu huwa fupi, kwa sababu dakika moja tu ya mapigano huweza kumaliza akiba ya mtu.

Umaarufu wa Dead End haukutokana na hadithi yake, ambayo kusema kweli ni nyembamba. Siri ilikuwa katika maleba. Tangu 1989 Hollywood ilikuwa imemvisha Batman siraha nzito ya mpira yenye misuli ya bandia. Collora alimvisha mwigizaji wake, Clark Bartram, vazi la kitambaa lililobana mwili, kama wachoraji walivyokuwa wakimchora kurasani kwa miaka mingi. Isitoshe, mashabiki walikuwa na njaa. Batman & Robin ya 1997 ilikuwa imewaudhi wengi, na tangu hapo hapakuwa na filamu nyingine ya shujaa huyo katika kumbi za sinema hadi Batman Begins ilipotoka 2005.

Hata hivyo, Collora hakuwa wa kwanza. Donald F. Glut, ambaye baadaye aliandika riwaya iliyotokana na filamu ya The Empire Strikes Back, alianza kupiga picha za sinema akiwa mtoto mwaka wa 1953. Kufikia 1969 alikuwa ametengeneza filamu 41, zikiwemo za mashujaa wa vibonzo; ya mwisho ilimhusu Spider-Man. Msanii Andy Warhol naye alitengeneza Batman Dracula mwaka wa 1964 bila ya idhini ya DC. Mwaka wa 1992, Dan Poole aliigiza mwenyewe kama Spider-Man katika The Green Goblin's Last Stand, akitumaini kuwa ingemfikia mwongozaji James Cameron, aliyekuwa akihusishwa na mpango wa kumleta shujaa huyo kwenye sinema.

Enzi hizo kazi kama hizi zilipita mkono kwa mkono katika kanda za video. Intaneti, na hasa YouTube iliyoanzishwa 2005, ndiyo iliyozifikisha kwa mamilioni. Mambo yaligeuka kiasi kwamba mwaka wa 2012 Thomas Jane, aliyekuwa ameigiza The Punisher katika filamu rasmi ya 2004, alirudi kumwigiza mhusika huyo katika Dirty Laundry, filamu fupi isiyo rasmi. Mwigizaji wa kulipwa akawa shabiki!

Sheria lakini haijalegea. Wengi hudhani kwamba asiyetoza kiingilio hana kosa. La hasha. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani, kutotafuta faida ni hoja moja tu miongoni mwa kadhaa ambazo hakimu hupima, na peke yake haimwokoi mtu. Mashabiki wengi huponea kwa sababu wamiliki huamua kufumba macho: filamu hizi huwatangazia mhusika wao bure, na si jambo la fahari kumburuta mteja wako mahakamani.

Subira hiyo ina kikomo, nacho aghalabu huwa ni pesa. Funzo lilitoka nje ya ulimwengu wa vibonzo, Desemba 2015, Paramount na CBS ziliposhtaki waandalizi wa Axanar, filamu ya mashabiki wa Star Trek iliyokuwa imechangiwa zaidi ya dola milioni moja. Kesi ikiendelea, kampuni hizo zilitoa masharti kwa mashabiki wengine: hadithi moja isizidi dakika 15, na michango isizidi dola 50,000. Mapema 2017 hakimu aliwanyima washtakiwa kinga ya matumizi halali, na pande zote zikapatana nje ya mahakama.

Je, jasho hili huzaa nini? Kwa Collora, lilizaa sifa kuliko kazi. Wapo waliotarajia angekabidhiwa filamu kubwa ya shujaa; hakukabidhiwa. Batman Begins tayari ilikuwa mikononi mwa Christopher Nolan hata kabla ya Dead End kuonyeshwa. Filamu ndefu ya kwanza ya Collora, Hunter Prey, ilitoka miaka kadhaa baadaye, ikiwa na wahusika aliowabuni mwenyewe.

Kwa wanaotaka kumtumia Batman bila hofu, kalenda ina jibu. Kazi za miaka hiyo hulindwa nchini Marekani kwa miaka 95. Kwa hivyo Superman wa kwanza, aliyechapishwa 1938, atakuwa huru Januari 1, 2034, na Batman wa 1939 mwaka mmoja baadaye. Uhuru huo utahusu mhusika jinsi alivyokuwa katika matoleo hayo ya mwanzo tu. Joker, aliyezuka 1940, atasubiri hadi 2036, nazo nembo za biashara zitabaki na wenyewe.