Jini ya kwenye glasi: namna ya kuchanganya kinywaji cha baridi nyumbani msimu wa joto

Kaskazi imeanza kuvuma, na anayeijua Rufiji anajua kuanzia Desemba mpaka Machi hapa kunakuwaje. Jua likitoka saa tatu asubuhi unatafuta kivuli, na usiku shuka huligusi. Basi kila msimu huu naulizwa swali lile lile: ile jini na tonic wanayokunywa watu wa hoteli inachanganywaje, na sisi wa kawaida tunaweza kuitengeneza nyumbani? Jibu ni ndiyo, tena kwa vitu vya gengeni. Nimeona niiandike yote mara moja ili mtu aisome, aichape akitaka, asiniulize tena, teh teh.

Kwanza tuelewane. Jini ninayoisema ni ile ya kwenye chupa, siyo ile ya kupigiwa ngoma. Pili, hapa kwetu Waislamu ndo wengi na wengi hawagusi kilevi, kwa hiyo kila mchanganyiko nilioweka hapa unatengenezeka bila jini na bado unakata kiu. Tatu, chini ya miaka 18 isome kwa elimu tu, chupa siyo yako.

JINI NI NINI HASA
Ni pombe kali iliyokonekwa na kutiwa ladha ya beri za mti wa juniperi. Ile harufu kama ya msonobari inatoka hapo. Kwa sheria za Ulaya, ili chupa iitwe jini lazima iwe na kilevi kisichopungua asilimia 37.5. Juniperi ya Afrika ipo, ule mwangati wa milima ya Usambara, lakini ni aina nyingine kabisa. Usiende kuchuma beri zake ukaloweka kwenye pombe.

Konyagi je? Kwenye kamusi neno konyagi maana yake ni brandi, limetokana na mji wa Cognac kule Ufaransa. Lakini chupa yetu ya Konyagi, inayotengenezwa na Tanzania Distilleries Limited ya Dar es Salaam, siyo brandi. Ni kali nyeupe ya asilimia 35, ladha yake iko kati ya jini na ramu nyepesi, kwa hiyo kwenye michanganyiko yote hii inakaa vizuri tu. Jirani zetu Uganda wana Waragi, na jina lenyewe wanasema limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita.

TONIC NA MALARIA: HAPA MSIDANGANYANE
Uchungu wa tonic unatokana na kwinini, dawa inayotoka kwenye magamba ya mti wa mkwinini, asili yake milima ya Andes huko Amerika Kusini. Waingereza waliokuwa India walikunywa kwinini kujikinga na malaria, wakachanganya na soda na sukari kupunguza uchungu, baadaye na jini. Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Wajerumani walipanda mikwinini Amani, Usambara, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia meli za dawa wakawa wanatengeneza kwinini yao huko. Askari wa Lettow-Vorbeck walifika mahali wanachemsha magamba yenyewe na kunywa ule mchuzi mchungu, wakaupa jina la utani Lettow-Schnaps. Na vita ile tunaijua, maana manowari yao ya Königsberg ilizamishwa kwenye delta yetu hii hii Julai 1915. Mpaka leo Bukavu, mashariki ya Kongo, kuna kampuni ya Pharmakina inayojulikana kwa mikwinini na kwinini.

Sasa sikiliza. Nimesikia kwa masikio yangu mtu ana homa anasema anywe tonic kwanza. Tupige hesabu. Marekani inaruhusu tonic iwe na kwinini isiyozidi miligramu 83 kwa lita. Mtu wa kilo 60 akitibiwa malaria kwa kwinini anapewa kama miligramu 600 mara tatu kwa siku, yaani 1800, kwa siku saba. Ili ufikie hapo kwa tonic unywe zaidi ya lita 21 kila siku. Utakufa na tumbo kabla malaria haijashtuka. Ukisikia homa nenda ukapime, ikionekana upewe dawa mseto, ile iliyochukua nafasi ya SP kuanzia mwishoni mwa 2006. Na ukiwa kwenye dozi ya dawa yoyote, pombe weka pembeni mpaka umalize.

VITU UNAVYOHITAJI
- Kijiko cha chakula. Kijiko kimoja ni kama mililita 15, kwa hiyo vitatu ni 45. Hicho ndo kipimo chetu. Usimimine kwa macho, macho yana tamaa.
- Chupa ya plastiki yenye kifuniko, au jagi linalofunga vizuri, kwa kutikisia. Soda na tonic hazitikiswi, utaoga.
- Shira: kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha maji, pasha moto mpaka sukari iyeyuke, acha ipoe. Sukari kavu kwenye kinywaji cha baridi inagoma kuyeyuka, inalala chini ya glasi.
- Barafu. Hapa watu wengi wanakosea. Baridi haiui vijidudu, na ile jini kidogo kwenye glasi haiui pia. Barafu ya maji ya kisima inaweza kukupa kipindupindu au homa ya matumbo. Chemsha maji, yapoe, yagandishe kwenye bakuli safi lenye mfuniko, halafu uvunje mapande makubwa. Pande kubwa linayeyuka taratibu, kinywaji hakiwi maji maji.

MICHANGANYIKO MITANO

1. Jini na tonic. Jaza glasi barafu. Jini vijiko vitatu, tonic ya baridi mililita 150 ukimimina taratibu pembeni ya glasi gesi isitoroke, kata ndimu robo kamulia na uitumbukize humo humo. Koroga mara moja tu. Siri ni baridi: tonic ya moto hata uweke barafu vipi haifai.

2. Nyagi na dafu. Hii ndo ya kwetu, delta minazi ipo. Maji ya dafu moja mililita 150, Konyagi vijiko vitatu, ndimu nusu, chumvi unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Barafu. Tumia dafu la siku hiyo hiyo, maji yake yakilala yanachacha.

3. Embe na tangawizi. Msimu wa embe zinaozea chini ya miti, tutumie. Ponda embe moja bivu, chuja nyuzi, tia jini vijiko vitatu, ndimu nusu, barafu, tikisa mpaka chupa itoe jasho. Mimina, malizia na soda ya tangawizi juu.

4. Ukwaju na mchaichai. Chemsha majani ya mchaichai, yapoe. Loweka ukwaju kwenye maji hayo, chuja. Chukua nusu kikombe, tia Konyagi vijiko vitatu na shira kijiko kimoja na nusu. Tikisa na barafu.

5. Dawa. Kenya kinywaji hiki kimepata sifa sana kupitia mgahawa wa Carnivore, Nairobi. Wao wanaweka vodka, ukiweka jini haikatai. Katakata ndimu moja, ponda na sukari kijiko cha chai, barafu, jini vijiko vitatu, halafu kijiti chenye asali unakorogea mwenyewe kadiri unavyotaka utamu. Kwa jina hili msidanganyike, haitibu kitu.

Bila kilevi: toa jini, ongeza ndimu na kidogo ya tangawizi iliyotwangwa ili pabaki ule ukali kooni. Namba 2 na 4 hazipotezi kitu kabisa.

CHUPA YENYEWE UMEITOA WAPI?
Hii naomba isomwe mara mbili. Viroba vilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa hiyo anayekuuzia kiroba leo ujue anakuuzia kitu kisichopita kwa mtu yeyote. Gongo nayo inapikwa kienyeji bila leseni, hakuna anayejua kilichomo. Hatari kubwa ni methanoli, pombe ya viwandani ambayo wahuni wanaongezea ili ikali zaidi. Haina rangi, harufu yake ni kama ya pombe ya kawaida. Ukisikia fulani anapima kwa kuwasha kiberiti aone rangi ya moto, mwache na mchezo wake, kipimo hicho hakiokoi mtu. Wala ndimu, tonic au dafu haviiondoi.

Mwilini methanoli inageuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Nairobi, Novemba 2000, pombe ya kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 na kuacha wengine vipofu. Kabale, Uganda, mwaka 2010, waragi feki iliua makumi. Mei 2014 ikawa Kenya tena. Dalili mara nyingi zinachelewa saa 12 mpaka 24: kichwa, kutapika, tumbo, kupumua kwa kasi, halafu macho yanaona ukungu mweupe. Ukiona hivyo usimlaze mtu eti pombe itamtoka. Mkimbize hospitali, sema wazi alikunywa nini, na chupa ichukueni. Dawa ipo, ila ina muda wake.

Kabla hujanunua: kizibo kiwe hakijaguswa, lebo isiwe imebandikwa upande, na stempu ya kodi iwepo. Tangu 2019 TRA wanatumia stempu za kielektroniki kwenye pombe, na kuna programu ya simu ya Hakiki Stempu unaimulika nayo. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka yote, jiulize nani anakulipia tofauti.

KIASI
Vijiko vitatu vya Konyagi vina kilevi halisi kama mililita 16. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Lakini chupa ndogo ya Konyagi ya mililita 250 ina zaidi ya 87, sawa na bia tatu na nusu, na mtu anaimaliza kwa nusu saa kwa sababu embe imeficha ukali. Halafu pombe inakukojoza, kwenye joto hili unapoteza maji huku unajiona umepoa. Kwa hiyo glasi moja ya kinywaji, glasi moja ya maji, na tumboni pawe na chakula. Mimi mwisho wangu ni mbili.

Mwisho kabisa: ukishakunywa, bodaboda waachie wengine, barabara ya Kilwa malori hayakuhurumii. Na mtoni usiende kuoga. Mamba na viboko wa Rufiji hawana habari kama wewe leo umechangamka.

Mwenye mchanganyiko wake wa ubuyu au pasheni atumegee hapo chini na vipimo, siyo "weka kiasi". Tuko pamoja.