Forodha ya Unguja Ilipokuwa Mali ya Mzabuni

Kuanzia takriban mwaka 1819 hadi 1886, dola ya Unguja haikukusanya ushuru wake yenyewe. Majahazi na meli zilitia nanga, pembe za ndovu zilishushwa, karafuu zilipimwa na kupakiwa, na kila bidhaa ilitozwa chake. Lakini mtozaji hakuwa mtumishi wa Sultani. Alikuwa mfanyabiashara aliyeikodi forodha yote kwa kiasi kilichopatanwa cha kulipa kila mwaka. Akikusanya pungufu, hasara yake. Akikusanya zaidi, kilichozidi kilikuwa chake na watoto wake.

Leo, halmashauri inapoipa kampuni binafsi kazi ya kukusanya ushuru wa soko au wa maegesho ya magari, jambo hilo huletwa mbele ya madiwani kana kwamba limebuniwa mwaka jana. Pwani hii inalijua kwa miaka mia mbili, na ina kumbukumbu ya kutosha ya yaliyotokea.

Mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Seyyid Said bin Sultan alitawala kutoka Maskati, na huko nako ushuru ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Alipohamishia makazi yake Unguja alikuwa na jeshi dogo, merikebu kadhaa na ndugu wengi wa kuwaridhisha. Makarani wa serikali ndio hasa hakuwa nao. Nani angekaa Bagamoyo, Pangani, Kilwa, Mombasa na Lamu kuandika kila robota la kitambaa cha marekani na kila frasila ya pembe? Wafanyabiashara kutoka Kachi, magharibi mwa Bara Hindi, walikuwa tayari na watu wao katika kila bandari, na watu hao walijua kusoma, kuandika na kuaminiana. Kumwachia kazi mwenye uwezo nayo, halafu ukapokea fedha zako bila jasho: mtawala gani angekataa?

Nyumba iliyoishika kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya Shivji Topan, Mabanyani wa Mundra, na jina lililovuma zaidi ni la mwanawe, Jairam Shivji. Mwaka 1819 forodha ilikodishwa kwa reale 84,000 kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1860 kodi ilikuwa imepanda hadi 310,000. Kwa Sultani huo ulikuwa ushahidi kwamba mambo yanakwenda vizuri. Karafuu zilikuwa zimeenea Unguja na Pemba, bei ya pembe Ulaya na Marekani ilikuwa ikipanda, na misafara ilikuwa imefika Ujiji na kuvuka ziwa. Swali ambalo haikuwa rahisi kulijibu ni hili: kama mkodi analipa 310,000 na bado anagombania kuendelea, yeye anabakiwa na ngapi?

Sultani hakuwa na njia ya kujua. Vitabu vya hesabu vilikuwa vya mkodi, vimeandikwa na makarani wa mkodi. Hata mabalozi wa kigeni walipotaka takwimu za biashara ya Unguja, iliwabidi waende kuziomba kwa yule yule mwenye maslahi ya kuzificha.

Na mtu anayeshika mlango wa bandari hakosi marafiki. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, uliopanga ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia. Balozi wake wa kwanza Unguja, Richard Waters wa Salem, aliwasili mwaka 1837, naye alikuwa mfanyabiashara pia. Haikuchukua muda Waters na Jairam wakaelewana, na wafanyabiashara wengine, Waingereza na hata Wamarekani wenzake, wakaanza kulalamika kwamba biashara nzuri zote zinapitia mikono miwili tu. Mkataba ulikuwa umeahidi biashara huria. Ila aliyepaswa kuilinda biashara huria pale forodhani alikuwa mshindani wao.

Jambo lililoigeuza forodha kuwa mtego hasa lilikuwa deni. Kodi ile haikuwa ikifika ikulu ndani ya magunia kila mwisho wa mwezi. Sultani alikuwa akichota. Akihitaji nguo za askari, mkodi analipa. Akinunua merikebu, mkodi analipa. Vyote viliandikwa, na mwisho wa mwaka vikakatwa katika kodi. Mkodi wa forodha akawa benki ya dola, tena benki pekee. Jairam aliporejea India katika miaka ya 1850, wakala wake Ladha Damji aliachwa na madaraka ambayo mawaziri wengi wangeyatamani.

Ladha anaonekana vizuri katika habari za Richard Burton, aliyepita Unguja mwaka 1857 akienda kutafuta maziwa makuu. Mzungu huyo alikuja na barua za wakubwa, lakini safari yake ilifanikishwa na watu wa forodha. Karani wa Ladha, Ramji, alimkodisha Burton watumwa wake kumi wawe walinzi wa msafara. Njiani walijulikana kama wana wa Ramji, na walimtesa bwana yule kwa jeuri mpaka akachoka. Burton anasimulia pia kwamba kabla hajaondoka aliwasikia Ladha na Ramji wakizungumza Kikachi mbele yake, bila kujua kwamba anakielewa. Mmoja aliuliza kama mtu huyu atafika, mwenzake akajibu kwamba hafiki, Ugogo atapita vipi. Fedha zake walikuwa wamekwisha kuzipokea.

Ukiangalia kwa makini utaona jinsi kazi ilivyokuwa ikishuka ngazi kwa ngazi. Sultani amemkodisha Jairam, Jairam amemwachia Ladha, Ladha ana karani wake, na karani ana watumwa anaowapangisha kwa wageni. Bagamoyo mtindo huo ulizaa biashara nzima. Mwaka 1871 Henry Stanley, akimtafuta Livingstone, alipelekwa kwa kijana mmoja wa Kihindi aliyeahidi kumpatia wapagazi, na kitabu cha Stanley kimejaa manung'uniko kuhusu hila za kijana huyo. Alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851. Baadaye karibu kila msafara mkubwa wa Wazungu ulichukua wapagazi kupitia kwake, wakiwemo Wajerumani waliokuja na bunduki. Alikufa mwaka 1897 akiwa ametoa mali kwa ajili ya shule na hospitali, na hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake ni miongoni mwa mizizi ya Muhimbili. Mnyamwezi aliyebeba mzigo hadi Tabora na kurudi hana jengo lenye jina lake.

Turudi kwenye deni. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, na kwa uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1861 Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Mwanawe, Seyyid Majid, alilipa hizo, akagharimia majumba yake mapya Dar es Salaam, na akazidi kuchota kwa mkodi. Alipofariki mwaka 1870, vitabu vya Jairam Shivji vilidai zaidi ya reale nusu milioni. Ndugu yake, Seyyid Barghash, hakuwa na hamu ya kurithi deni ambalo hakulikopa. Lakini angefanya nini? Kumfukuza mkodi kulihitaji fedha za kumlipa, na fedha zilikuwa kwa mkodi. Walivutana, deni likapunguzwa, na nyumba ile ile ikaendelea na kazi. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata Waingereza wakamlazimisha Barghash kulifunga soko la watumwa, waliokuwa wakitozwa ushuru kwa kichwa.

Hapo ndipo palipotokea la kushangaza. Biashara moja kubwa imeharamishwa, mashamba yamevunjika, na bado mwaka 1876 alijitokeza mtu wa kutoa bei kubwa kuliko ya zamani. Taria Topan, Khoja aliyefika Unguja akiwa mtoto na kufanya kazi chini ya nyumba ya Jairam, aliijua forodha kutoka ndani. Aliichukua hadi mwaka 1880, kisha waliokuwa nayo mwanzo wakaichukua tena. Kwangu mimi zabuni ile ya 1876 ndiyo hesabu ya kweli ya miaka yote iliyotangulia. Dola ilikuwa ikiuza kwa bei ya chini kwa sababu mnunuzi peke yake ndiye aliyejua thamani ya mali.

Barghash aliirudisha forodha mikononi mwake mwaka 1886, akachelewa. Mwaka uliofuata aliipa kampuni ya Waingereza ya William Mackinnon utawala na ushuru wa pwani ya kaskazini kwa miaka 50. Tarehe 28 Aprili 1888 mdogo wake, Seyyid Khalifa, akatia saini mkataba kama huo na kampuni ya Wajerumani kwa pwani iliyobaki, kuanzia mto Umba hadi Ruvuma. Kwenye karatasi palikuwa na mkodi mwingine tu wa ushuru. Lakini wakala wa Kibanyani alikuwa amewaachia maliwali na majumbe nafasi zao. Alitaka faida, hakutaka kutawala. Kampuni ilitaka vyote. Agosti mwaka huo Emil von Zelewski, wakala wa kampuni hiyo, alipoishusha bendera ya Sultani Pangani, Abushiri bin Salim aliongoza vita, Bwana Heri wa Saadani naye akasimama, na pwani yote ikawaka. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kampuni ikashindwa kazi, dola ya Kijerumani ikaichukua nchi, na Sultani akafidiwa marki milioni 4, karibu pauni 200,000.

Upande wa Kenya kisa ni cha fedha, nacho ndicho kinachoniudhi zaidi. Kampuni ya Mackinnon nayo ilishindwa. Mwaka 1895, ilipotakiwa kuachia haki zake, ilidai fidia, ikapewa pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka katika fedha za Unguja, zile zile zilizolipwa na Wajerumani. Yaani mwenye mali alimlipa mkodi aliyeshindwa ili airudishe mali, kisha akaipangisha kwa serikali ya Uingereza kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na 6,000 za riba ya fedha zake mwenyewe. Mpango huo wa ukanda wa pwani, pamoja na Mombasa, uliendelea hadi Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte walipokubaliana ukanda uwe sehemu ya Kenya.

Halmashauri nyingi za Tanzania zilirudia njia ya Seyyid Said tangu miaka ya 1990, zikawakabidhi mawakala ushuru wa masoko, minada na stendi. Sina ugomvi na mawakala. Wako wanaolipa kwa wakati na kukusanya vizuri kuliko watendaji. Ila kiwango cha zabuni mara nyingi hupangwa kwa kutazama kilichokusanywa mwaka uliopita, na huo ulikuwa ugonjwa wa forodha ya Unguja. Diwani utakayeletewa mkataba mpya mezani, uliza kwanza soko linaingiza kiasi gani kwa siku ya gulio na kwa siku ya kawaida, na uliza nani aliyehesabu. Ukiambiwa takwimu zimetoka kwa wakala anayemaliza muda wake, omba kikao kiahirishwe mpaka halmashauri ipeleke watu wake wakahesabu.