Strip (amri ya kompyuta)
Strip ni amri ya GNU Binutils inayoondoa alama za utatuzi na majina ya ndani kwenye programu iliyokwisha kukompailiwa. Programu hufanya kazi ileile, ila faili huwa nyepesi. Kwa anayepakua kwa bando la simu akiwa Misungwi, hilo si jambo dogo. Maktaba hazipunguzwi ovyo: chaguo la --strip-unneeded huacha majina yanayoitwa na programu nyingine, na ukifuta alama zote kwenye maktaba tuli (.a), umeiua. Hasara huonekana programu ikianguka: zana ya utatuzi gdb huonyesha ?? badala ya jina la funksheni. Ndiyo maana mfumo endeshi wa Debian, tangu toleo la 9 (2017), huzihifadhi alama za utatuzi katika vifurushi vya pembeni vyenye tamati -dbgsym.