Land Rover ya Babu, kutoka Thika hadi Kaikor

Najua mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msinipigie kelele. Desemba nzima nilikuwa nyumbani Kaikor, grisi hadi kwenye nywele, na kichwani hamkuwa na kitu kingine ila gari. Kwa hiyo leo tunaongea historia. Historia ya gari moja tu, lakini mtaona jinsi gari moja linavyoweza kubeba mambo mengi.

Kwa wasiojua, Kaikor iko Turkana Kaskazini, juu kabisa ya ramani ya Kenya, huko ambako mipaka ya Sudan Kusini na Ethiopia inakaribiana. Watu wa Nairobi wakisema wanakwenda mbali huwa wanamaanisha Kitale. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300, na ukifika Lodwar bado hujafika kwetu.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, 109, ya petroli, ya mwaka 1978. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Limekaa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya Babu tangu 2011, mbuzi wakilala chini yake na kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Hicho kibanda ndicho ninachokiita gereji. Msinicheke.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1947, Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya vita kwenye shamba lake huko Anglesey, Wales. Akaona kampuni yake inaweza kuunda kitu cha namna hiyo. Tatizo ni kwamba chuma nchini Uingereza kilikuwa kinatolewa kwa mgao, ila aluminiamu ya viwanda vya ndege ilikuwa imejaa. Wakaitumia kwa bodi, na gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Yaani ile bodi inayosifiwa kwa kutoshika kutu haikutokana na maono ya mbali. Ilitokana na uhaba. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo vizuri: unatumia kilichopo mezani, halafu miaka sabini baadaye watu wanasema ulikuwa na busara.

Bodi ni aluminiamu lakini chesi ni chuma. Uingereza, chesi ndiyo inayoziua Land Rover, mvua na chumvi ya barabarani vinaila kutoka ndani. Nilipolala chini ya gari la Babu na nyundo ndogo nikigonga chesi kila mahali, nilitegemea kutoboa. Ikalia kama kengele. Ukame wetu, ambao umetumalizia mifugo mara ngapi, umeitunza chesi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Lakini kila kitu cha mpira kilikuwa kimepasuka kama udongo wa laga, na waya zilikuwa zikikatika ukizishika kwa vidole. Huku jua ndilo linaloua.

Gari lilifikaje hapa? Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni hakuingia bila kibali. Ndiyo maana Waingereza walipotaka kumficha Kenyatta na wenzake mwaka 1953 waliwaleta Lokitaung, na mwaka 1959 wakamhamishia Lodwar, hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Jela haikuhitaji ukuta mrefu mahali ambapo ukitoroka unakutana na jangwa. Wazee wa kwetu wanasema miaka hiyo na hata baada ya uhuru, ukiona vumbi linapanda kwa mbali ulijua ni serikali. Hakuna mwingine aliyekuwa na gari.

Mashine yetu ilitoka Thika. Serikali ya Kenya, ikishirikiana na British Leyland, ilianzisha kiwanda cha Leyland Kenya hapo mwaka 1974, na Land Rover nyingi za miaka hiyo zilifika kutoka Uingereza zikiwa vipande na kuunganishwa na mikono ya Wakenya. (Kiwanda bado kipo, siku hizi kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers.) Hii ikapewa nambari za GK ikaletwa Lodwar, na dereva wake akawa kijana mmoja wa Kaikor aliyejifunza kuendesha lori la mfanyabiashara. Huyo ndiye Babu.

Mwaka uliofuata ukame ulianza. Waturkana wanauita Lopiar, ule uliofagia kila kitu, na ulipomaliza mifugo kipindupindu kikamalizia watu. Babu alikuwa akibeba mahindi kwenda na maiti kurudi. Haongei sana juu ya hapo.

Halafu wakaja Wanorwe. Kuanzia 1980 shirika lao la Norad liliendesha mradi mkubwa wa maendeleo wa Turkana, na fedha zao ndizo zilizosaidia kutia lami barabara ya Kitale hadi Lodwar. Walijenga hata kiwanda cha samaki Kalokol, ambacho hadithi yake inahitaji makala nyingine, tena yenye kicheko kichungu. Babu anasema miaka hiyo kumi ndiyo ilikuwa rahisi zaidi kwa dereva, kwa sababu kulikuwa na karakana, kulikuwa na spea, na kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Kisha Oktoba 1990 serikali ya Moi ikavunja uhusiano na Norwe kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na mradi ukafungwa. Nimewahi kuona seva ikizimwa ghafla huku watu bado wanaitumia. Hii ilikuwa hivyo, ila watumiaji walikuwa wilaya nzima.

Mwaka 1992, mwaka uleule kambi ya Kakuma ilipofunguliwa, magari mabovu ya serikali yalipigwa mnada Lodwar. Mashirika ya misaada yaliyokuwa yakiingia yalitaka Land Cruiser, ile ya mfululizo wa 70 iliyotoka mwaka 1984, na tuseme ukweli, walikuwa na haki. Ni gari bora kwa kazi hiyo, hata kama Babu akinisikia atanifukuza. Land Rover ikawa mzigo usiotakiwa. Babu akauza ng'ombe, akalinunua lilelile alilokuwa akiliendesha.

Kwa miaka karibu ishirini likawa gari la familia, na kwetu familia ni watu wengi kidogo. Lilipeleka watoto shule, likabeba mahari, likapeleka wagonjwa Lokitaung na wengine Kakuma. Lilikuwa linaharibika kila safari na kila safari lilikuwa linatengenezeka. Hapa naomba subira kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu muhimu.

Injini ya petroli ya zamani huwasha mafuta kwa cheche, na cheche hutoka kwenye koili pale umeme unapokatwa ghafla. Kazi ya kukata inafanywa na pointi, vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa, vinavyofunguka na kufunga. Pointi zinachakaa. Kila baada ya muda unazisugua na kurekebisha nafasi kati yake, kama milimita 0.35 hadi 0.40. Babu alikuwa akizisafisha kwa ubavu wa kiberiti, pale unapowashia njiti. Pointi hazifi ghafla: gari linaanza kukohoa, linakuonya, unasimama, unasugua, unaendelea. Ukipenda, ni programu inayoandika makosa yake vizuri.

Mwaka 2008 duka moja la spea, mjini fulani, lilimshauri Babu aondoe pointi na kuweka moduli ya elektroniki. Kitu kidogo cheusi kilichofungwa pande zote. Wakamwambia hatasugua pointi tena maishani. Ni kweli, hakusugua tena.

Julai 2011 kulikuwa na ukame mwingine, ule ambao Wakenya walichangishana kwa simu. Mimi nilikuwa darasa la saba, shule ya bweni. Shangazi yangu alishikwa na uchungu usiku, Babu akampakia kumpeleka hospitali ya Lokitaung. Walikwama kwenye mchanga wa laga. Babu akashuka akachimba, akatandika matawi, akarudi kuwasha. Hakuna cheche. Kwenye kisanduku cha vifaa alikuwa na pointi mpya, bado ziko kwenye karatasi yake. Lakini sahani ya kuzifungia ilikuwa imebaki kule dukani. Lori la chakula cha msaada liliwapata asubuhi. Shangazi yupo, ana afya. Mtoto hakuwahi kulia.

Babu alivuta gari kwa lori hadi nyumbani, akaliweka chini ya mabati, akafunga.

Basi nilipofika mwaka jana na mipango yangu, fikirieni. Nilikuwa nimechora kila kitu kwenye laptopu: injini ya Toyota yenye kompyuta, vihisio kila kona, data kwenye simu. Babu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Na hiyo kompyuta ikifa hapa Kaikor, nani ataifungua?" Nikasema mimi. Akasema, "Wewe uko Nairobi."

Nilikasirika, sikatai. Lakini nilimkumbuka jirani mmoja wa Kakuma aliyeniambia kuhusu gari la wagonjwa, sitasema la nani, lililokaa miezi likisubiri mtu aje na kifaa cha kusomea makosa ya injini, na kosa lenyewe likawa waya uliotafunwa na panya. Nikafuta mchoro.

Tukabakiza injini yake ya lita 2.25. Gasketi zote, pete za pistoni, mabomba ya breki na kabureta nilivipata Nairobi, Kirinyaga Road, vikaja kwa basi hadi Lodwar na kwa Land Cruiser ya abiria hadi kwetu. Waya nilizisuka upya zote, kila moja na rangi yake na mchoro uliobandikwa ndani ya mlango. Taa za LED, altaneta kubwa zaidi, mikanda ya usalama. Hayo yote Babu aliyakubali bila neno.

Distributa ndiyo iliyobaki. Nilipoifungua, moduli ilikuwa imevimba na kuyeyuka upande mmoja. Nimesoma vya kutosha kujua maana yake. Moduli za aina ile zinaungua ukiacha swichi wazi huku injini imezimika, umeme unapita kwenye koili bila kukatwa na joto linapanda. Injini ilizima kwenye mchanga, Babu akashuka kuchimba. Nusu saa, labda saa nzima. Ufunguo ulibaki pale.

Akaniuliza, "Ilikufa kwa nini?"

Nikamwambia, joto. Si uongo. Akatikisa kichwa, akaenda kuwaangalia mbuzi.

Nilirudisha pointi, na sahani yake. Moduli mpya ninayo pia, imefungwa kwenye distributa ya pili ndani ya mkebe chini ya kiti. Anayetaka gari litulie kwenye safari ndefu anaiweka, ikifa anarudisha ya pointi, dakika kumi na spana moja. Halafu nikatengeneza kisakiti kidogo, kompyuta ndogo ya shilingi mia kadhaa na rilei: ikiona swichi iko wazi na injini haizunguki kwa sekunde kumi, inakata umeme wa koili. Nacho kikifa, unaunganisha waya mbili za njano na safari inaendelea. Nimeandika hivyo kwenye mlango, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana.

Tarehe 28 Desemba liliwaka. Tulizunguka kijiji, watoto wakikimbia nyuma, shangazi akiwa kiti cha mbele. Tulipozima, Babu akanyoosha kidole kwenye kile kisakiti.

"Hii ni ya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza haraka haraka, kama mtu anayepita juu ya daraja bovu. Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akachomoa ufunguo kwenye swichi, akautia mfukoni, akashuka.

Siku mbili baadaye nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, andika, lakini andika pia kwamba pointi zilikuwa kwenye kisanduku.