Neno "Lawalawa" na Imani ya Wakristo wa Singida

Katika Kiswahili neno imani lina maana mbili. Ya kwanza ni kusadiki mambo ya dini. Ya pili ni huruma, kwa kuwa mtu mkatili huambiwa hana imani. Lugha yenyewe basi yaunganisha ungamo la mdomo na mwenendo wa kila siku. Historia ya Singida yaonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kutengana, wala si kwa unafiki mtupu.

Ukristo wa Kilutheri uliingia Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa kazi ya wamisionari wa Leipzig. Baada ya Wajerumani kufukuzwa, Waamerika wa misheni ya Augustana waliishika kazi hiyo tangu mwaka 1926, wakaieneza Iramba na Unyaturu pamoja na shule na hospitali, kama ile ya Kiomboi. Wakatoliki nao walijenga misheni zao, na mwaka 1972 Singida ikawa jimbo. Aliyebatizwa alitarajiwa kuacha mambo ya kale. Ahadi hiyo ilipimika kwa urahisi katika mambo ya hadharani, kama vile pombe, ngoma na mke wa pili. Mambo ya faragha ya wanawake hayakupimika hivyo.

Mojawapo ni ukeketaji. Zamani, kwa Wanyaturu, ulikuwa sehemu ya unyago, nao ulimtoa msichana katika utoto na kumtia katika utu uzima. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, viongozi wa serikali waliipiga vita mila hiyo. Ndipo lilipoenea neno lawalawa. Lilitaja ugonjwa wa watoto wa kike, wenye muwasho, vipele na maumivu ya mkojo, na dawa yake, ilisemwa, ni kukata. Wazee walioulizwa baadaye walikumbuka kwamba hapo kale ugonjwa huo haukuwako.

Neno hilo lilifanya kazi tatu. Kwanza, lililihamisha jambo kutoka katika mila na kulitia katika tiba. Pili, liliushusha umri, maana ugonjwa haungoji mtoto avunje ungo. Aliyekatwa sasa aweza kuwa mchanga asiyejua kusema. Tatu, lilimpa mama Mkristo njia ya kutenda bila kujiona amevunja ahadi ya ubatizo. Alikuwa ameikana mila, hakuikana dawa. Alimpeleka mtoto kwa ajili ya huruma, yaani kwa imani ile ya maana ya pili. Waislamu wa mkoa huo nao hawakusalimika na neno hilo.

Yafaa kulinganisha na Kenya. Huko, mwaka 1929, misheni ya Waskoti iliwataka waumini wa Kikuyu waikane tohara ya wasichana. Wengi walikataa, wakajitenga, wakajenga shule na makanisa yao wenyewe. Ugomvi ulikuwa wazi kwa kuwa jambo lilibaki na jina lake. Singida jina lilibadilika, na mtu aliweza kukaa kanisani na kuendelea.

Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 31 katika kila 100 wa Singida wamekeketwa, ambapo kwa taifa zima walikuwa 10. Hesabu hiyo ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Watoto wachanga hawamo.

Wanawake waliopambana na jambo hili Singida walianza na neno lenyewe. Walionyesha kwamba muwasho huo huponywa kwa usafi na dawa za hospitali. Njia yao ilikuwa ya busara, kwa sababu mahubiri dhidi ya mila hayamgusi mtu anayeamini kwamba anatibu. Anayetaka kuupima mwenendo wa Mkristo kwa ungamo lake hana budi kuuliza kwanza jambo lile huitwaje nyumbani.